Joto na Diski za Kompyuta Zetu



Mwaka jana usharika mmoja wa upande wa Makambako ulipoteza orodha ya watoto wanaosomeshwa kwa msaada wa marafiki zetu wa nje. Kompyuta ilianza kuchelewa kufungua mafaili, ikawa inagonga-gonga kwa ndani, mwisho ikazima kabisa. Tulipofika tuliikuta imefungiwa ndani ya kabati la mbao ili isiibiwe, na juu yake kitambaa kizuri cha kufuma. Matundu ya hewa yalikuwa yamejaa vumbi.

Mzee mmoja wa kanisa akauliza: "Huku kwetu ni baridi, joto limetoka wapi?"

Limetoka ndani ya kompyuta yenyewe. Katika kompyuta nyingi tunazopewa, diski inayotunza kumbukumbu ni sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani hizo kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Feni ikikosa hewa joto hupanda, vyuma hutanuka, na kichwa hulazimika kurudia kusoma. Hapo ndipo faili linapochelewa. Watengenezaji wengi wameweka kikomo cha nyuzi 60 za Sentigredi.

Hata hivyo, tusilitupie joto lawama zote. Mwaka 2007 wataalamu wa Google, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Joto la wastani halikuonekana kuongeza uharibifu. Madhara yalijitokeza kwenye joto kali, hasa kwa diski zilizofikisha miaka mitatu na kuendelea. Na kompyuta zetu, tuseme ukweli, nyingi hufika zikiwa zimeshatumika.

Kwa Njombe liko na jambo la pili. Mwezi Juni na Julai, kompyuta iliyolala kwenye gari ikiingizwa ofisini penye jiko la mkaa hutoka jasho ndani. Iachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Tunaomba kamati za sharika zitoe kompyuta makabatini, na kitambaa kifunikwe baada ya mashine kuzimwa na kupoa. Orodha zinakiliwe kwenye flashi kila Ijumaa, nayo itunzwe na mtunza hazina, isikae droo moja na kompyuta.

Orodha iliyopotea tuliiandika upya kwa mkono kutoka risiti za ada na daftari la yule mzee. Ilichukua wiki tatu. Risiti za watoto wawili bado tunazitafuta.