Je, Wajua? Chapati za Maji Zapikika Bila Unga wa Ngano

• Kitumbua cha asubuhi, kiwe cha Mtwara Mikindani au cha Msimbati karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, hakihitaji ngano. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui la nazi, hamira, sukari na hiliki. Uji ukishaumuka humiminwa kwenye kikaango chenye vishimo, ukachomwa hadi kingo ziwe za kahawia.

• Chapati za maji za oti nazo hupikika bila unga wa ngano. Loweka kikombe 1 cha oti katika nusu kikombe cha maziwa au tui jepesi kwa dakika 10. Ponda ndizi mbivu 1, changanya na mayai 2 na chumvi kidogo. Paka mafuta kikaango, mimina upawa mdogo, moto uwe wa chini. Matundu yakitokea juu, geuza. Nyunyizia korosho zilizotwangwa. Sukari haihitajiki, ndizi inatosha.

• Oti zina beta-glukani, unyuzinyuzi unaoyeyuka na kuwa kama ute tumboni. Gramu 3 za unyuzi huo kwa siku husaidia kupunguza lehemu mbaya kwenye damu.

• Oti hazina gluteni kwa asili, lakini mara nyingi huchanganyikana na ngano shambani au kiwandani. Asiyepatana na gluteni asome kifungashio kwanza.

• Oti hupenda hali ya hewa ya baridi. Pwani ya Mtwara si kwao. Ukizikosa dukani, usihuzunike: mchele na nazi vipo.