Visukuku vya Lindi vyaeleza jinsi Dunia ilivyopata barafu

Chini ya ardhi ya Stakishari, mkoani Lindi, kuna udongo wa mfinyanzi uliotuama kwenye sakafu ya bahari zaidi ya miaka milioni 33 iliyopita. Ndani yake yamo magamba ya viumbe wa baharini waitwao foraminifera, mengi yakiwa madogo kama chembe ya mchanga.

Viumbe hao hutumika kupima umri wa miamba. Walielea katika bahari nyingi na spishi zao zilibadilika upesi. Hivyo, tabaka ambamo spishi fulani inaonekana kwa mara ya mwisho huweza kulinganishwa na tabaka la umri huo katika nchi nyingine. Mpaka wa vipindi vya Eosini na Oligosini hutambuliwa kwa kutoweka kwa jamii ya Hantkenina, yenye miiba kwenye gamba. Kielelezo rasmi cha mpaka huo kipo Massignano, Italia, na umri wake ni takriban miaka milioni 33.9.

Watafiti wakiongozwa na Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, wakishirikiana na wataalamu wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), walichoronga ardhi hiyo na kuupata mpaka huo. Magamba ya kina kirefu cha bahari mara nyingi huwa yamebadilika kikemikali, lakini ya Lindi yalihifadhiwa na mfinyanzi usiopitisha maji kwa urahisi, yakabaki angavu kama kioo.

Ubora huo ndio unaoyapa thamani. Maji yanapopoa na barafu kujikusanya nchi kavu, oksijeni nzito huongezeka katika magamba. Sampuli za Lindi zinaonesha ongezeko hilo katika hatua mbili, na Hantkenina walitoweka kati ya hatua hizo, wakati barafu ikitanda Antaktika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima boroni katika magamba hayo ili kukadiria hewa ya ukaa ya wakati huo. Ulibaini kuwa hewa hiyo ilipungua kabla ya barafu kuongezeka kwa kasi.

Matokeo hayo yana uzito leo, kwani hewa ya ukaa imepanda kutoka takriban sehemu 280 kwa milioni kabla ya mapinduzi ya viwanda hadi zaidi ya 420. Barafu iliyoanza kutanda hewa hiyo ilipopungua, sasa inakabiliwa na ongezeko lake.