Roho Ikichafuka: Yanayosaidia Nyumbani na Yanayohitaji Daktari

Katika soko la Kagio tangawizi haikosi. Hupangwa mafungu kando ya vitunguu saumu na ndimu, na wengi hununua kipande cha kuweka jikoni. Mama mjamzito akisema roho inamchafuka, huambiwa achemshe tangawizi. Msafiri aliyeshuka kwenye matatu akiwa na kizunguzungu huambiwa hivyo hivyo. Mkulima aliyetoka kupulizia nyanya dawa ya wadudu, akifika nyumbani anataka kutapika, naye hupewa kikombe kile kile.

Kwa wale wawili wa kwanza, kikombe hicho kinaweza kuleta nafuu. Kwa huyo wa tatu, kinaweza kumpotezea muda ambao angekuwa tayari hospitalini. Ndiyo maana ni vyema kila nyumba ijue mambo mawili: namna ya kutuliza kichefuchefu, na namna ya kutambua kichefuchefu kisichofaa kutibiwa jikoni.

Kichefuchefu ni dalili

Kichefuchefu chenyewe si ugonjwa. Ni taarifa ambayo ubongo hutoa baada ya kupokea habari kutoka tumboni, kwenye sikio la ndani au katika damu. Kwa hiyo chakula kilichoharibika, ujauzito, safari ya kona nyingi, malaria, vidonda vya tumbo, vidonge vya hospitali na sumu vyote huweza kuleta hali ile ile. Kabla ya kuweka sufuria motoni, jiulize: nimekula nini, nimemeza dawa gani, nimeshika nini leo?

Tangawizi na namna ya kuitumia

Kati ya tiba za nyumbani, tangawizi ndiyo iliyochunguzwa zaidi, na imeonekana kupunguza kichefuchefu, hasa cha ujauzito. Osha kipande, kipare, kisha chukua kijiko kimoja cha chai. Mimina juu yake vikombe vitatu au vinne vya maji yaliyochemka, funika kwa dakika 10 na uchuje. Kiasi hicho kinatosha kwa siku nzima. Kunywa kidogo kidogo. Ukizidisha, unaweza kupata kiungulia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda azungumze na daktari kwanza.

Harufu ya ndimu iliyokatwa au majani ya mnanaa huwasaidia baadhi ya watu, hasa harufu ya mapishi inapowakera. Hewa safi nayo husaidia. Kwenye matatu, kaa mbele na utazame mbali barabarani badala ya kutazama simu.

Kula kidogo, mara nyingi

Tumbo tupu huongeza kichefuchefu, na tumbo lililojaa pia. Badala ya sahani moja kubwa ya githeri, kula kidogo kila baada ya saa mbili au tatu. Uji mwepesi, ndizi, wali mweupe, viazi vya kuchemsha au mkate mkavu huwa rahisi tumboni. Epuka kwa muda vyakula vya mafuta mengi na pilipili. Usilale mara tu baada ya kula.

Anayetapika ahitaji maji

Mtu anapotapika na kuhara, hatari kubwa huwa ni kupungukiwa na maji mwilini, hasa kwa mtoto na mzee. Pakiti za ORS ndizo bora. Ukikosa, chukua lita 1 ya maji safi ya kunywa, tia vijiko 6 bapa vya chai vya sukari na nusu kijiko bapa cha chumvi, ukoroge hadi viyeyuke. Pima kwa makini, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Mtoto akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili. Anayenyonya aendelee kunyonya. Soda si badala ya maji haya. Sukari yake nyingi inaweza kuzidisha kuhara.

Kwa mama mjamzito

Kwa wengi kichefuchefu huanza kabla ya wiki ya 9 na kupungua kati ya wiki ya 16 na ya 20. Weka biskuti kavu au kipande cha mkate karibu na kitanda, ule kidogo kabla ya kuinuka. Vidonge vya kuongeza damu vikikuchafua roho, vimeze pamoja na chakula au usiku, na umweleze muuguzi kliniki. Usiviache kimyakimya.

Jihadhari na mambo mawili. Mawe laini na udongo ambao baadhi ya wajawazito hula ili kutuliza roho huweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo. Na dawa chungu za miti, kama muarubaini na shubiri, si salama wakati wa mimba, hata kama hutumika nyumbani kwa magonjwa mengine.

Nenda hospitali ikiwa hakuna kinachokaa tumboni kwa saa 24, mkojo ni mchache na mweusi, au uzito unapungua. Na baada ya wiki ya 20, kichefuchefu kinachoandamana na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba au maumivu chini ya mbavu huweza kuwa dalili ya shinikizo la damu linaloleta kifafa cha mimba. Usisubiri kupambazuke.

Kwa mkulima na mpulizaji dawa

Mashamba ya nyanya yanayolisha soko la Kagio, na ya mpunga kule Mwea, hupuliziwa dawa za wadudu. Baadhi ya dawa hizo huvuruga mawasiliano ya mishipa ya fahamu. Huingia mwilini kwa kupumua, kwa kumeza, na hata kupitia ngozi, kwa mfano pampu inapovuja mgongoni.

Dalili huweza kuanza ndani ya dakika chache au baada ya saa kadhaa: kichefuchefu, mate kujaa mdomoni, machozi, jasho jingi, mboni za macho kuwa ndogo, misuli kucheza, kifua kubana. Hapo tangawizi haina kazi. Dawa ya kupambana na sumu hiyo iko hospitalini. Fanya hivi haraka:

- Mtoe mgonjwa penye dawa na umvue nguo zilizolowa. Wewe unayemsaidia vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi.
- Mwoshe ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi. Macho yakiingiwa na dawa, yaoshwe kwa maji safi kwa dakika 15.
- Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Hayaondoi sumu, na akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu.
- Mpeleke hospitali mara moja, na mbebe chupa ya dawa au lebo yake ili daktari ajue sumu ni ipi.

Ili msifike huko, puliza upepo ukiwa nyuma yako, vaa glavu, buti na nguo za mikono mirefu, na unawe kabla ya kula. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa dawa. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake. Kamwe usiweke dawa kwenye chupa ya soda. Mtoto hataijua tofauti.

Homa na vidonge

Kichefuchefu chenye homa na kutetemeka kipimwe malaria, hasa kwa anayeishi karibu na maji ya mashamba ya mpunga. Usinunue dawa kwa kukisia. Vidonge vya kifua kikuu, vya VVU na vya kisukari navyo huweza kuchafua roho. Rudi kliniki ubadilishiwe saa au aina ya dawa, lakini usiache kumeza kwa uamuzi wako.

Usikae nyumbani ukiona

- Damu katika matapishi, au matapishi meusi kama kahawa
- Maumivu makali ya tumbo au ya kifua
- Kichwa kuuma sana, shingo kukaza au kuchanganyikiwa
- Mtoto mwenye macho yaliyobonyea, asiyekojoa au aliyelegea
- Kutapika kusikokoma kwa zaidi ya siku moja

Zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako au fika katika zahanati iliyo karibu. Mgonjwa mahututi hupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Kerugoya. Endelea kuweka tangawizi jikoni. Lakini kabla ya kuichemsha, uliza kwanza roho imechafuliwa na nini.