Mwongozo wa Chombo cha Takwimu Hupimwaje?

Mwanafunzi wa Tinde anapoiuliza programu ya akili mnemba idadi ya watu wa mkoa wake, programu hiyo huweza kutumia chombo kinacholeta takwimu nyingi kwa mkupuo mmoja. Matumizi ya chombo hicho huyajua kwa kusoma mwongozo wake.

Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kuwa Mkoa wa Shinyanga ulikuwa na watu 2,805,580. Ile ya mwaka 2012, watu 1,534,808. Je, wenyeji walihama? La. Mwaka 2012 iliundwa mikoa ya Simiyu na Geita, na sehemu za Shinyanga zikaingizwa humo. Mwongozo usiotaja mipaka huiongoza programu kutoa jibu la uongo kwa tarakimu za kweli.

Kwa hiyo mwongozo hupimwa kwa maswali matatu. Je, unaeleza kila tarakimu inahusu eneo lipi na mwaka gani? Je, unatofautisha sifuri na takwimu iliyokosekana? Je, ombi moja kati ya kumi likishindikana, unaonyesha ni lipi? Mwongozo ukinyamaza, programu huweza kubuni, na mwanafunzi hupotoshwa.