Nyuki wa Sinema na Nyuki wa Mzinga

Siku moja kundi la nyuki lilitua juu ya mwembe mbele ya kanisa letu, likaning'inia kwenye tawi kama gunia dogo. Mara vijana wawili wakafika na chupa ya esanse na kiberiti. Nikawauliza, «Juu ya nini?» Wakajibu, «Pasta, hawa ni wauaji. Tuliwaona ndani ya video.»

Nikamwita mzee mmoja wa kanisa, mfugaji wa nyuki tangu ujana wake. Akatazama juu, akacheka. «Bana yangu, acheni moto. Hawa wako safarini, wanatafuta nyumba. Hawana watoto wala asali ya kulinda, njo maana hasira yao ni kidogo. Lakini musiwachokoze.» Jioni akawaingiza ndani ya mzinga, akaenda nao. Kesho yake tukaketi na wale vijana, tukazungumza habari za sinema.

Video yao ilikuwa The Swarm, sinema ya Marekani ya mwaka 1978. Ndani yake nyuki wenye asili ya Afrika wanaua watu wengi, treni inaanguka, hata kiwanda cha nyuklia kinalipuka. Mzee akashangaa: «Kumbe ni nyuki wetu wanasingiziwa!»

Habari hiyo ina mzizi wa kweli. Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka malkia wa nyuki wa Afrika kule Brazil, kusudi apate nyuki wanaofaa nchi ya joto. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa asili ya Ulaya. Uzao wao ulifika Texas mwaka 1990. Ni kweli waliua watu. Lakini sumu yao haipiti ile ya nyuki wa Ulaya. Tofauti ni kwamba wanatoka wengi na upesi kulinda mzinga.

Mzee akaeleza: «Tangu zamani mutu anawachomea moto, anawaibia asali. Nyegere pia anawavunjia nyumba. Wamejifunza kujilinda. Nyuki hana kutafuta mutu. Mutu njo anaanzaka.»

Watoto nao wanapenda Bee Movie ya mwaka 2007, ambamo nyuki dume ana mwiba na anatoka kwenda kwenye maua. Mzee akacheka sana. «Dume hana mwiba, wala haleti asali! Kazi yake ni kuoa malkia, kisha anakufa. Wafanyakazi wote ni wanawake.» Mama mmoja aliyekuwa karibu akaitika, «Hata kwetu ni vile!»

Sinema ambayo mzee aliikubali ni Honeyland ya mwaka 2019, kutoka Macedonia Kaskazini. Hakuna mchezaji ndani yake. Ni maisha ya kweli ya mama anayeitwa Hatidze. Kila akivuna, nusu anachukua, nusu anawaachia nyuki. Jirani akaanza kufuga pia, na mnunuzi akamsukuma atoe asali nyingi. Akavuna kupita kiasi. Nyuki wake wenye njaa wakavamia mizinga ya Hatidze na kuua nyuki wake. Mzee akanyamaza, kisha akasema, «Hii naijua. Muuaji hapa ni tamaa.»

Vijana wetu, sisi wa nchi ya migodi tunajua maana ya kuchukua vyote leo na kesho kubaki na shimo. Huko porini wengine wanakata mti mzima kwa ajili ya asali ya siku moja.

Basi mkiona kundi la nyuki, msitupe mawe wala msiwashe moto. Ondoeni watoto, mwiteni mfugaji. Wakianza kuuma, kimbieni ndani ya nyumba, mfunge mlango, mtoe miiba upesi. Mtu akivimba uso au akishindwa kupumua, apelekwe hospitali mara moja.

Na wale vijana wawili? Mmoja sasa ndiye anayemshikia mzee chombo cha moshi. Mavuno ya kwanza aliniletea kikombe kimoja cha asali. Nikamwuliza, «Ingine iko wapi?» Akajibu, «Pasta, tuliwaachia wenyewe.»