Hela Zilizofuliwa Karakanani

Asubuhi, hapa Njisi, mpakani mwa Tanzania na Malawi, noti ya elfu kumi ni mzigo. Ukinunua ndizi za elfu moja, mama muuzaji anampa jirani, jirani anamkimbilia mbadilisha fedha mwenye kitita cha kwacha, nawe umesimama huku dereva akipiga honi. Ikipelea mia, unapewa pipi. Hakuna aliyetangaza kwamba pipi ni fedha, lakini thamani yake kila mtu anaijua.

Wajerumani, waliokuwa na boma Langenburg kando ya Ziwa Nyasa kisha wakahamia Tukuyu, walipatwa na adha hiyohiyo, ila kwa koloni zima. Tangu 1904 rupia yao iligawanywa katika hela 100, na sarafu zilitoka Ujerumani, zikifuliwa Berlin na Hamburg. Vita ilipoanza 1914, manowari za Waingereza zikaziba bahari. Serikali ikachapa noti Dar es Salaam, lakini kwa noti ya rupia huwezi kununua chumvi ya hela tano.

Ndipo mafundi wa reli wakaingia kazini. Mwaka 1916, kule Lulanguru, jirani na Tabora, wakafua sarafu za hela 5 na hela 20, nyingi za shaba ya manjano, nyingine za shaba nyekundu. Zina taji, herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, jina la koloni lenyewe, na T ya Tabora. Ni kazi ya haraka, na ukiishika moja utaona; mimi naipendea hapohapo. Wakusanyaji wa leo wanaililia ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyofuliwa hukohuko, yenye tembo na mlima nyuma yake. Nzuri sana, lakini nani angemrudishia mtu chenji ya tembo?

Huku kwetu pengine hazikufika nyingi. Mei 1916 Waingereza walivuka mpaka wa Songwe na kuitwaa Tukuyu; Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Mwaka 1921 ikaja shilingi, na hela kama sarafu ikafa.

Jina halikufa. Ng'ambo ya mto Songwe wanasema ndalama, sisi tunasema hela, hata tunapozungumzia mamilioni, ingawa hela yenyewe ilikuwa sehemu moja tu ya mia ya rupia. Mama wa ndizi ananipa pipi mbili, anacheka: "Mwanangu, sina hela ndogo."