Nakapanya Inadai Tasnifu Yake

Kijana akisema anakwenda kusoma uzamili wa historia, ndugu humuuliza atakula nini. Wengine huongeza: historia si alishaimaliza sekondari? Maswali hayo yanatokana na imani moja, kwamba historia ni mambo yaliyokwisha kuandikwa na kazi ya mwanafunzi ni kuyameza. Ngazi ya uzamili ndiyo inayoivunja imani hiyo. Hapo mwanafunzi hutakiwa atafute swali ambalo halijajibiwa, akusanye ushahidi, aupime, kisha aandike tasnifu ambayo wasomi wengine wanaweza kuipinga. Kazi hiyo ina wakati wake, na wakati ukipita haurudi. Kwa Nakapanya, huko wilayani Tunduru kwenye barabara ya kutoka Songea kwenda Masasi, wakati wenyewe ni sasa.

Ushahidi wa jambo hili uko mkoani Ruvuma kwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilituma wanafunzi wake vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Matunda yake yalionekana upesi. Mwaka 1968 Gilbert Gwassa na John Iliffe walitoa mkusanyo wa kumbukumbu za vita hivyo. Mwaka 1969 O. B. Mapunda na G. P. Mpangara wakatoa kitabu juu ya vita hivyo katika Ungoni, nchi ya Wangoni. Gwassa aliendelea hadi shahada ya uzamivu, na tasnifu yake ya mwaka 1973 ilihusu chanzo na mwenendo wa vita. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imekadiria kuwa waliokufa ni watu 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, kwa kuwa alitia hesabuni njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Sasa tazama hesabu ya umri. Aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza alikuwa na miaka 73 mwaka 1968. Utafiti huo ungecheleweshwa miaka 15 tu, wengi wa mashahidi wale wangekuwa makaburini.

Hesabu hiyohiyo inaikabili Tunduru leo. Mwaka 1973 serikali iliagiza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilidumu kuanzia 1964 hadi 1974, na wakimbizi walivuka kuja upande huu. Aliyekuwa na miaka 20 vita hivyo vilipokwisha, leo amevuka 70. Faili la serikali litaonyesha amri ya kuhamia vijiji hivyo ilitoka lini na nani aliitia sahihi. Halitaonyesha ukoo upi uligawana shamba na upi, nani aliacha mikorosho yake porini, wala jinsi mgeni kutoka ng'ambo alivyopata mke na kiwanja. Wayao, ambao ni wengi wilayani humo, wamejulikana vitabuni zaidi kwa misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19. Kasisi Yohanna Abdallah aliandika historia yao kwa Chiyao, nayo ikachapwa mwaka 1919. Miaka mia na zaidi imepita tangu hapo, na mengi yaliyofuata bado yamo vichwani mwa wazee.

Mpinzani atasema kumbukumbu ya mzee si ya kuaminika: husahau, hujipendelea, huchanganya aliyoyaona na aliyoyasikia redioni. Ni kweli, na ndiyo maana kazi hii inahitaji mtu aliyefunzwa. Mtafiti huuliza jambo moja kwa watu wasiopatana, hulinganisha majibu na faili za Nyaraka za Taifa, kisha huandika tofauti zilizobaki bila kuzificha. Kizazi cha 1968 nacho kilikuwa na macho ya wakati wake. Taifa lilikuwa changa, na Maji Maji ikaelezwa hasa kama mwanzo wa umoja wa Watanzania. Baadaye watafiti kama Jamie Monson, Thaddeus Sunseri na Felicitas Becker walionyesha kuwa kila sehemu ilikuwa na ugomvi wake na sababu zake za kupigana. Hitimisho linaweza kusahihishwa wakati wowote, lakini ushahidi ambao haukukusanywa hauna wa kuusahihisha.

Hoja ya ajira ni nzito zaidi, na si haki kumdanganya mzazi kuwa shahada hii hufungua kila mlango. Hata hivyo faida yake haipimwi kwa mshahara wa mwenye cheti peke yake. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha mjini Songea kwa maovu ya ukoloni. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyeuawa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Maji Maji, bado unatafuta fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Dai kama hilo halishindi kwa uchungu tu. Linataka mtu anayeweza kusoma daftari la makumbusho la Kijerumani na kulipima kwa masimulizi ya ukoo.

Lawama moja inakubalika bila ubishi: tasnifu huandikwa kwa Kiingereza na kuishia kwenye rafu za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huku waliohojiwa wasione hata ukurasa. Hilo linarekebishika kwa gharama ndogo. Chuo kimtake kila mtafiti aache kijijini, shuleni au katika ofisi ya kata, muhtasari wa Kiswahili na nakala ya sauti alizonasa. Mwalimu wa historia wa Nakapanya angepata cha kufundishia, wanafunzi wake wangepata cha kuhoji, na kijana wa hapo anayewaza kusoma uzamili angejua aanzie wapi bila kwenda mbali kutafuta mada.